Raundi ya Tarehe Kumi na Tano

Arvid Lehtola alikuwa na masikio ya kuudhi watu. Ukimkaribisha kahawa kwako, kabla hajakaa vizuri atakuambia feni ya friji yako inakwaruza na haitamaliza mwezi. Na kweli haikumaliza. Mke wake Elma alimkataza kusema mambo hayo kwenye nyumba za watu, akamwambia wenyeji wanataka mgeni, hawataki mpiga ramli. Lakini mtu aliyekaa miaka thelathini anasikiliza mota za kiwanda cha karatasi, masikio yake utayaziba na nini?

Kiwanda chetu kiko kando ya mto, juu kabisa kaskazini mwa Michigan. Enzi hizo za miaka ya tisini kilikuwa na mota kubwa tisini, na mafundi watatu wa kuzikagua, thelathini kila mtu. Kila tarehe kumi na tano ya mwezi fundi alizizungukia zake zote, na mzunguko huo tuliuita raundi. Arvid akifika penye mota aliweka kwanza kiganja juu yake, kama mama anayepima homa ya mtoto. Halafu alichomoa bisibisi lake refu, ncha akaiweka kwenye beringi, ile pete ya chuma inayobeba mhimili, mpini akaukandamiza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Kupitia chuma kile alijua beringi ipi imekauka, ipi imeingia uchafu, ipi imeanza kujila yenyewe. Grisi alitia kidogo, tena baada ya kufungua kizibo cha chini ili ile ya zamani ipate pa kutokea. Mafundi wavivu hawafungui kizibo. Wanashindilia tu grisi mpaka mota inatapika, na mota zilizouawa hivyo zingejaza uwanja wa mpira.

Akimaliza aliandika joto na tarehe kwenye kadi ya manila ya mwezi huo iliyoning'inia pale, akatia herufi zake mbili, A.L. Hiyo ilikuwa ya wakubwa. Yake mwenyewe aliiandika kwa kalamu ya rangi kwenye zege la msingi wa mota, upande wa ukutani, ambako mkubwa hainami. Huko ndiko alikoandika ukweli: hii inanung'unika, hii ina njaa ya grisi, hii ibadilishwe.

Na tarakimu zake za saba zilikuwa na kijistari katikati. Mama yake alisoma shule Finland kabla ya kuja kuosha vyombo kwenye makambi ya wakata magogo, na huko saba huandikwa hivyo. Mama akamfundisha mwanawe mezani, na mwana hakuacha mpaka leo.

Sasa sikiliza upuuzi wenyewe. Tarehe kumi na tano Novemba ndiyo siku ya kufunguliwa uwindaji wa kulungu kwa bunduki. Kwetu siku hiyo shule zinafungwa, kinyozi anafunga, padri anafupisha misa. Watu wenye akili wangesogeza raundi ya Novemba mbele au nyuma siku mbili. Lakini ratiba ilipangwa na wakubwa waliotoka Ohio, na mkubwa wa Ohio kulungu anamjua kwenye picha. Kwa hiyo mafundi walijipangia wenyewe. Arvid hakuwinda. Alisema mlio wa bunduki unamharibia masikio, na masikio hayo ndiyo yaliyokuwa yakimlisha. Basi kila tarehe kumi na tano Novemba aliingia kabla ya alfajiri, akagonga kadi tatu za kuingilia kazini, yake, ya Dell Pomerleau na ya Gus Wiitala, akazungukia mota zote tisini peke yake. Kwenye mota za Dell aliandika D.P. Kwenye za Gus aliandika G.W. Jioni alirudi nyumbani miguu imevimba, Elma akamkandia kwenye sauna akimwita mtumwa wa wawindaji.

Lakini hakuruka mota hata moja. Hilo nataka mlishike. Miaka ishirini na mbili, na kila mota ya wenzake aliishika, akaisikiliza, akaifungulia kizibo. Na malipo yake yalikuwa nyama. Msimu ukiisha, Dell na Gus walipita kila mmoja na paja la kulungu limefungwa kwenye karatasi nyeupe, wakaliacha barazani. Hakuna aliyesema asante, kwa sababu nyama ilikuwa imeshasema.

Dell Pomerleau alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Waliajiriwa wiki moja, walikula mezani pamoja kila mchana, Arvid na pai yake ya nyama na viazi, Dell na chochote mkewe alichomfungia kwa hasira siku hiyo. Dell alikuwa mcheshi, mwenye maneno mengi na kazi ya wastani. Alimwita Arvid "we Mfini kichwa ngumu," na Arvid akamwita "Mfaransa mdomo," na siku ikienda bila matusi hayo wote wawili walijiona hawajala.

Mwaka ninaousimulia, Elma alikuwa anaumwa moyo. Kufikia Oktoba Arvid alikuwa amemaliza siku zake zote za ruhusa akimpeleka na kumrudisha hospitali ya Marquette. Halafu madaktari wakapanga upasuaji, na tarehe waliyompa ilikuwa Ijumaa, kumi na tano Novemba. Arvid alikwenda kwa msimamizi kuomba siku moja, akaambiwa siku hana. Akakaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, kofia mkononi, hajui la kufanya.

Dell ndiye aliyemkuta pale. Akaketi ubavuni mwake.

"Nenda kakae na mkeo," alimwambia. "Raundi yako nitaifanya mimi, Gus atafanya yake. Umenifanyia ishirini na mbili, we Mfini, acha nami nikufanyie moja nisije nikafa na deni lako."

"Na kulungu wako?"

"Kulungu atanisubiri Jumamosi. Ana haraka ya kwenda wapi?"

Arvid si mtu wa machozi, lakini siku hiyo nusura. Akamshukuru, kisha akampa neno moja la kazi. Mota ya pampu ya kufyonza maji, ile ya pili chini ya mashine kubwa, beringi yake ya mbele ilianza kukwaruza Oktoba. Kidogo tu, kama mchele ndani ya kopo. Dell aisikilize kwa makini. Ikiwa imezidi, waizime, wabadilishe beringi bila kungoja Desemba. Dell akasema amesikia. Akajigonga sikio kwa kidole kuonyesha amesikia.

Upasuaji wa Elma ulikwenda salama. Arvid alikaa hospitalini Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, amelala kwenye kiti, na Jumatatu alirudi kazini mwepesi wa roho kuliko alivyokuwa miezi sita. Alipita kwenye mota zake kuangalia kadi. Zote thelathini zilikuwa zimeandikwa: Novemba 15, A.L. Akafika kwenye ile pampu ya pili. Kadi ilisema nyuzi za Farenhaiti mia moja arobaini na saba, na saba yenyewe haikuwa na kijistari. Ilikuwa saba ya Dell. Joto la mia na arobaini na saba si baya kwa pale. Bisibisi lilikuwa mfukoni mwake. Mkono ulikwenda mfukoni, ukaligusa, ukaliacha. Angeisikiliza tena, maana yake nini? Maana yake hamwamini Dell. Mtu amekuachia siku ya kulungu, halafu unampitia nyuma kumkagua? Arvid akaona aibu, akaondoka.

Wiki hiyo hiyo Dell alileta nyama. Hakuliacha paja barazani, aliingia nalo mpaka kwenye kitanda cha Elma, aliyekuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani, akalipima kwa mikono, akamwambia mama apone haraka aje ampikie mumewe kama binadamu. Alimpiga Jumamosi, alisema, dume la pembe nane. Elma alicheka mpaka mshono ukamuuma. Nyama ile walikula siku nne, kwa viazi, kwa vitunguu, na mchuzi wake Elma aliunywa kwa kijiko, chakula cha kwanza alichokitamani tangu kisu kipite kifuani mwake.

Alhamisi ya kwanza ya Desemba, saa nne asubuhi, beringi ya mbele ya pampu ya pili ilikwama. Mhimili ukasaga chuma kwa chuma, grisi ikashika moto, na vumbi la karatasi lililotanda pale chini likaupokea. Mwendesha mashine wa zamu hiyo alikuwa Darlene Stupak, mwanamke wa miaka arobaini, mjane, mwenye sauti ya kusikika juu ya mashine bila kupiga kelele. Ndiye aliyekimbia na mtungi wa kuzimia moto. Aliuzima. Lakini alipokuwa anausogelea, kifuniko cha beringi kilipasuka kikamrushia grisi inayowaka mikono yote miwili. Wakampeleka Marquette kwa helikopta, hospitali ile ile.

Arvid aliambiwa akiwa mwisho mwingine wa kiwanda. Hakuuliza mota ipi. Alijua.

Kesho yake alikwenda baa kumchukulia Elma samaki wa Ijumaa. Mbele ya baa ile kuna nguzo ndefu ya mlalo ambako watu huning'iniza kulungu wao wa kwanza ili mji uwaone, na ndani, ukutani, kuna ubao wa chaki ambao mwenye baa huandika jina, siku na saa ya kila dume. Huwa haufuti mpaka Krismasi. Arvid hakuwahi kuusoma ubao ule, kulungu hawamhusu. Safari hii, akingoja samaki, macho yalipanda yenyewe. Jina la nne kutoka juu: Pomerleau. Pembe nane. Tarehe kumi na tano, saa moja na dakika ishirini asubuhi.

Akausoma mara tatu. Mwenye baa akamwuliza kama samaki anataka na limau. Arvid akasema ndiyo, na alipofika nje akakumbuka Elma hali limau.

Nyumbani alimweleza mkewe bila kuketi. Elma alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya blanketi.

"Kwa hiyo ile nyama," alisema, "ndiyo ilikuwa raundi yako. Tumeila."

Jumamosi Arvid alimwendea Dell kwake. Alimkuta kwenye gereji, akasimama mlangoni, akataja tarehe na saa, basi. Dell hakubisha. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kueleza, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane maneno yalimwishia njiani. Alikusudia kurudi kabla ya saa tatu. Alisema ataingia msituni kidogo tu, usiku ule ilikuwa imeanguka theluji mpya. Aligonga kadi zote mbili, yake na ya Arvid, akatoka kwa lango la nyuma. Halafu dume likatokea, halafu likakimbia na risasi maili mbili, halafu kulivuta, halafu ikawa jioni. Akarudi kiwandani, akachukua rundo la kadi mpya za Arvid, akaziandika zote thelathini kwenye benchi la kubadilishia nguo, kisha akapita kuzining'iniza.

"Mota zako haziugui, Arvid," alisema. "Unazilea kama mayai. Nikasema mwezi mmoja tu, zitakufa na nini?"

"Nilikuambia ile ya pili."

"Uliniambia."

"Darlene amepoteza vidole viwili."

Dell akajifunika uso. Alilia kweli, sitamsingizia. Akasema Jumatatu, kwenye kikao walichoitiwa na meneja kuhusu moto ule, atasema mwenyewe. Arvid asihangaike kufungua mdomo. Atasema alimwahidi nini na alifanya nini, na litakalomkuta limkute. Wakashikana mikono pale gerejini. Arvid alirudi kwake akamwambia Elma mambo yamekwisha, Dell atasema. Elma akauliza kama amemwandikia hilo kwenye karatasi. Arvid akamkasirikia, akamwambia huyo ni Dell.

Kilichokuwa kinamuuma Arvid, nielewe, haikuwa kazi. Miezi minane tu ilimbakia astaafu. Kilichomuuma ni kwamba mji mzima ulikuwa unasema Lehtola aliandika kadi bila kugusa mota. Mtu mmoja alimpita dukani akageuza uso. Alitaka kitu kimoja: isemwe mbele za watu kwamba hakuiruka pampu ya Darlene.

Kikao kilifanyika ofisini kwa Haskell, meneja. Upande wa Arvid alikaa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, ambaye kwa bahati yake alikuwa Gus Wiitala, yule yule fundi wa tatu. Dell aliitwa kama shahidi. Haskell alikuwa mtu mtaratibu, hapandishi sauti, kila kitu chake kwenye bahasha. Akaitoa kadi ya pampu ya pili, imeungua pembe moja, akamwuliza Arvid kama herufi zile ni zake.

Arvid akamgeukia Dell. Huo ndio ulikuwa wakati. Dell alikuwa anatazama kofia yake, anaizungusha mapajani, duru baada ya duru.

Arvid akasubiri. Feni ya dirishani kwa Haskell ilikuwa na beringi mbovu, aliisikia. Mwishowe akasema kwamba tarehe kumi na tano hakuwepo kiwandani. Alikuwa Marquette, mkewe anapasuliwa. Kadi iliandikwa na mtu mwingine, na waangalie ile saba, haina kijistari. Saba zake zote zina kijistari.

"Nani aliandika?" aliuliza Haskell.

Kwetu mtu hamtaji mwenzake mbele ya ofisi. Ni ujinga, ni heshima, iite utakavyo, ndivyo tulivyokuzwa. Mwenyewe anajitaja. Arvid akamtazama Dell tena, na safari hii Gus pia alimtazama, na Dell akaendelea na kofia.

"Aseme mwenyewe," Arvid alijibu.

Haskell hakuwa na haraka. Akasema basi atatafuta hiyo saba. Akaagiza sanduku la kadi za zamani, akazimwaga mezani, akaanza kuzipanga kwa miaka na miezi. Ilimchukua nusu saa. Kadi za Arvid zilikuwa na vijistari, kweli. Haskell akatikisa kichwa kukubali. Kisha mkono wake ukasimama. Akavuta kadi moja ya Dell, ya Novemba ya nyuma. Akavuta ya Novemba nyingine. Akavuta za Gus. Katika miezi mingine yote, tarakimu za saba za Dell zilikuwa za kawaida na za Gus vilevile, ila Novemba, kila Novemba, juu ya D.P. na juu ya G.W., zilikatwa katikati.

Akazipanga mbele ya Arvid, safu mbili, kwa utaratibu wake ule.

"Na hizi, Bwana Lehtola?"

Uso wa Arvid uliwaka moto. Akasema ndiyo, ni mkono wake. Akasema mota hizo alizikagua, kila moja, hakuruka hata moja, waende wakatazame nyuma ya misingi, ameandika kwenye zege. Mtu akapewa tochi, akatumwa. Akarudi amenakili maneno ya pampu ya pili: Oktoba, beringi ya mbele inakwaruza, ibadilishwe. Haskell akayasoma mara moja, akaiweka karatasi chini.

"Kwa hiyo ulijua," alisema.

Halafu akawageukia wale wawili. Akamwuliza Dell kama tarehe kumi na tano Novemba, miaka yote hiyo, raundi yake aliifanya nani. Dell akainua kichwa. Alikuwa amekonda uso ghafla, kama mtu aliyelala na homa.

"Mimi mwenyewe," alisema Dell. "Kila mwaka. Kadi yangu ya kuingilia imegongwa, angalia."

Akaulizwa kama aliandika kadi ya pampu ya pili. Akasema hapana, hajui nani.

Gus naye, mtetezi wake, mtu aliyekula jasho la Arvid Novemba ishirini na mbili, akasema alifanya raundi zake mwenyewe, na kwamba haelewi Lehtola alikuwa anaandika herufi za watu kwa nini. Akaongeza kwamba chama kinasikitika.

Arvid hakusema tena neno. Huwezi kuamini, lakini ndivyo. Angeweza kutaja ubao wa baa, gereji, nyama, kila kitu. Alikaa pale anawatazama, na kile kilichokuwa kinamchekesha kwa uchungu ni kwamba kazi aliyoifanya kwa mikono yake, siku ishirini na mbili za tangu alfajiri, sasa ilikuwa ya wengine, na ile ambayo haikufanywa na mtu yeyote ilikuwa na jina lake.

Akafukuzwa siku hiyo. Haskell alimsindikiza mpaka mlangoni, wenzake wakiwa wametangulia kwa ngazi ya nyuma, akamwambia kwa sauti ya chini, "Najua wanadanganya. Lakini nina mota tisini na mafundi watatu. Siwezi kubaki na sifuri." Na akarudi ndani. Mimi huyu Haskell simchukii kama ninavyowachukia wale wawili. Angalau yeye alisema.

Wiki mbili Arvid hakutoka nyumbani. Dell hakupiga simu. Siku moja kabla ya Krismasi, Elma, aliyekuwa ameanza kutembea kwa fimbo, alifungua mlango akakuta barazani kifurushi cha karatasi nyeupe kimeganda kwa baridi. Hakumwita mumewe. Alikisukuma kwa fimbo ngazi moja moja mpaka barabarani, akakiacha kwenye njia ya greda la theluji.

Halafu ikaja habari kwamba Darlene amerudishwa kutoka hospitali. Elma akamwambia Arvid aende. Kama kuna mtu mmoja katika mji huu anayestahili kujua, ni yule mwanamke, na aende amwambie yote, jina na saa na pembe nane. Arvid akanyoa ndevu, akavaa shati la kanisani, akaenda.

Dada yake Darlene ndiye aliyefungua, akamwonyesha jikoni, akawawekea kahawa, akatoka. Darlene alikuwa amekaa mezani, mikono yote miwili imefungwa bandeji mpaka viwikoni, nyeupe, kubwa kama glavu za ndondi. Hakumfukuza. Alimwambia aketi.

Arvid alikuwa amepanga maneno yake njia nzima. Akaanza na kusema kwamba siku ile hakuwepo, kwamba ile kadi hakuiandika yeye, kwamba hakuiruka pampu yake. Darlene alimwachia amalize sentensi hiyo.

"Unajua, Mzee Arvid," alisema, "niliisikia tangu Jumanne. Inalia. Si sana. Nikasema nimwite fundi, nisimamishe mashine. Unajua wanavyotukana ukisimamisha mashine bure. Nikashuka chini kwanza nikaangalie kadi."

Arvid alikizungusha kikombe chake mezani.

"Nikaona A.L. Nikasema, ah, basi. Kama Arvid ameisikiliza, ni mimi tu na woga wangu. Nikapanda juu nikaendelea na kazi. Jumatano hivyo hivyo. Alhamisi hivyo hivyo."

"Kulikuwa na saba pale," Arvid alisema. "Mia na arobaini na saba. Ungeitazama ile saba."

"Sikutazama namba. Nilitazama jina."

Alikuwa amekuja na jina la Dell mdomoni, na lile la Gus. Alikuja na ubao wa baa. Yote yakamkauka. Aliiona Jumatatu ile, yeye mwenyewe mbele ya pampu, bisibisi mfukoni, saba isiyo yake mbele ya macho yake, wiki mbili na siku tatu kabla ya moto. Masikio yale yanayosikia friji za watu. Dakika moja tu yangetosha.

"Hata mimi," alisema. "Nilitazama jina, nikapita."

Darlene alimkazia macho muda mrefu. Hakumwambia amemsamehe, na hakumwambia atoke. Mwishowe alisogeza kidevu kuelekea kikombe, kahawa ilikuwa inapoa na dada hakuwa karibu. Arvid akakiinua kwa mikono miwili, akamwekea mdomoni, akamshikia mpaka akamaliza.